Nani Atajua Kwamba Hukufika?

Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja wakinuia kufika Cape Town. Pikipiki yenyewe ilikuwa Panther ya silinda moja, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 600 hivi. Ubavuni ilifungwa kigari cha abiria, na nyuma ikakokota trela dogo la mizigo. Walivuka bahari hadi Algiers, wakaikata Sahara kutoka kaskazini hadi kusini, wakapita Nijeria na nchi za Afrika ya Kati, wakaingia Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, Kenya, Tanganyika na Rhodesia. Tarehe 29 Julai 1935 walifika Cape Town. Walikuwa njiani kwa muda wa miezi saba na nusu.

Watu wakisikia habari kama hiyo husifu ushujaa. Mimi sina ugomvi na ushujaa, lakini nimefundisha jiografia na hesabu kwa muda mrefu, na kila nikisoma habari za safari za namna hii macho yangu huenda kwenye maandalizi. Wanawake hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Wallach alisomea uhandisi katika chuo cha ufundi mjini London, wakati ambapo msichana katika darasa la uhandisi alikuwa kama kunguru mweupe. Blenkiron alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nyota ya dhahabu katika uwanja wa mashindano wa Brooklands, kwa kuendesha pikipiki kwa mwendo uliozidi maili 100 kwa saa. Mmoja aliijua injini, mwingine aliujua mwendo. Hata hivyo, Sahara haikuwauliza vyeti. Iliwauliza maswali yale yale inayomwuliza kila apitaye: una maji kiasi gani, una petroli kiasi gani, na ukikwama nani atakuja?

Nia yangu katika kurasa hizi ni kuyaeleza maswali hayo matatu, kwa sababu vijana wetu wengi siku hizi wana pikipiki, na jangwa tunalo hapa hapa nchini.

Kwanza yafaa kujua kwamba wanawake hao hawakuikuta Sahara ikiwa mbichi. Mnamo Desemba 1922 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilituma magari matano yenye minyororo badala ya magurudumu ya nyuma, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yaliondoka Touggourt, nchini Aljeria, tarehe 17 Desemba, yakafika Timbuktu tarehe 7 Januari 1923. Miaka miwili baadaye wakuu hao hao waliongoza msafara mkubwa zaidi, ulioondoka Colomb-Béchar Oktoba 1924. Msafara huo ulipofika Kampala uligawanyika makundi manne. Moja lilishuka hadi Mombasa, la pili likaenda Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, na la nne Cape Town. Kwa hiyo habari hii ya jangwa la mbali ilifika mpaka kwenye mwambao wetu.

Kilichonivutia katika misafara hiyo ni mambo yaliyofanyika kabla ya magari kuwashwa. Ule wa 1924 ulitanguliwa na watu waliotumwa kuweka akiba za petroli, mafuta, vyakula na vipuri katika vituo vya njiani. Mapipa yalitangulia, magari yakafuata. Picha zilizochapishwa magazetini zilionyesha magari. Hazikuonyesha ngamia na wapagazi waliobeba mapipa hadi mahali ambapo gari lilikuwa bado halijapata kufika, ingawa bila wao msafara ungeishia siku ya tatu.

Baada ya misafara hiyo zikaja kampuni za usafiri. Katika eneo la Tanezrouft, sehemu ya Sahara iliyo tambarare na isiyo na kisima kwa mamia ya kilomita, njia ilionyeshwa kwa mapipa yaliyosimamishwa mchangani. Pipa la tano likawa kituo, nacho kikaitwa Bidon V, maana yake pipa la tano. Hapakuwa na kijiji pale, wala mti, wala kivuli. Palikuwa na petroli tu, na mahali pa kulala msafiri. Ajabu ya mahali hapo ni kwamba palipata jina katika ramani za dunia kwa sababu ya debe la chuma.

Serikali ya Kifaransa nayo ikaweka sheria. Msafiri wa gari au ndege alitakiwa kujiandikisha kabla ya kuingia jangwani, kuonyesha kwamba ana maji na petroli ya kutosha, na kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya gharama za kumtafuta. Kituo alichotoka kilikipasha habari kituo alichokuwa akienda. Akichelewa kupita muda uliowekwa, watu walitoka kumtafuta. Wasafiri wengi waliinung'unikia sheria hiyo. Waliiona ni urasimu wa watu wa ofisini wenye mihuri mingi. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba haikuwa sheria ya fedha hasa. Maana yake ilikuwa hii: mtu asiingie jangwani ila kwanza awepo mtu mwingine anayejua siku na saa anayopaswa kutokea upande wa pili.

Mfano wa uzito wa jambo hili ni wa rubani, ingawa somo lake ni la mpanda pikipiki pia. William Lancaster alikuwa Mwingereza aliyejaribu kuvunja rekodi ya kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town. Alifika Reggan, ukingoni mwa Tanezrouft, Aprili 1933, akiwa amechoka na amechelewa. Hakuwa na fedha za dhamana, akasema ataenda hivyo hivyo. Usiku wa tarehe 12 Aprili ndege yake ilianguka. Alinusurika, akakaa kando ya mabaki yake na maji yasiyozidi lita 9 hivi, akaandika shajara. Watu wa Reggan walikuwa na utu. Walitoka kumtafuta bila kujali dhamana. Walitafuta njiani, naye alikuwa amekwenda kombo, nje ya njia. Aliishi siku nane. Mwili wake na shajara yake vilipatikana Februari 1962 na doria ya jeshi la Kifaransa, miaka karibu 29 baadaye. Alifanya mambo mengi sawasawa baada ya kuanguka: hakuondoka kwenye chombo chake, aliwasha mienge usiku, aligawa maji yake. Alichokosa alikikosa kabla ya kupaa.

Sasa tuje kwenye maji. Watu husema kwamba shujaa wa jangwani ni yule awezaye kuvumilia kiu. Si kweli, na sayansi imelipima jambo hili. Mwaka 1947 kilichapishwa Marekani kitabu cha utafiti ulioongozwa na E. F. Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester, kuhusu mwili wa binadamu jangwani. Utafiti ulifanywa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya askari. Ulionyesha kwamba mtu akipumzika kivulini bila maji kabisa, mahali ambapo joto la mchana hufikia nyuzi 49 za Selsiasi, anaweza kutarajia kuishi siku 2 hivi. Joto likiwa nyuzi 38, siku 5. Ukimpa mtu wa nyuzi 49 karibu lita 4 za maji, umemwongezea nusu siku tu. Hizi ni hesabu za mtu aliyelala kivulini. Mtu anayesukuma pikipiki iliyozama mchangani saa saba mchana yuko katika hesabu nyingine kabisa.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine linalopingana na hekima ya mtaani. Kuyanyima maji mdomo huku chupa imejaa hakurefushi maisha. Jasho hutoka kwa kadiri ya joto na kazi, wala halingoji ruhusa ya mwenye chupa. Kinachosaidia ni kupunguza jasho: kutulia mchana, kusafiri alfajiri na jioni, na kuvaa nguo za kufunika mwili wote. Mpanda pikipiki ana hatari ya pekee hapa. Upepo wa mwendo hukausha jasho lake mara linapotoka, akajiona mkavu, akadhani hapotezi kitu. Anaposhuka jioni kichwa kinamgonga na ulimi umekuwa mzito, ndipo anapotambua kwamba amekuwa akivuja kutwa nzima kama mtungi wenye ufa.

Swali la pili ni petroli, na hapa naomba msomaji achukue kalamu. Tuseme una safari ya kilomita 250 kati ya pampu na pampu. Katika barabara ya changarawe pikipiki yako inakwenda kilomita 25 kwa lita. Basi utahitaji lita 10. Katika mchanga injini inalia kwa gia ndogo, na kilomita 25 zinaweza kushuka hadi 15. Sasa ni karibu lita 17. Kisha kuna jambo ambalo vijana husahau, nalo ni kurudi. Ukifika kilomita 150 ukakuta korongo limejaa maji au mchanga umefunika njia, itakubidi ugeuke. Hizo ni kilomita 300 jumla, yaani lita 20 za mwendo wa mchanga. Tangi la pikipiki za kawaida za kwetu linachukua lita 12 au 13. Zilizobaki zitabebwa kwenye madumu.

Ongeza maji. Siku mbili za mwendo, lita 8 kwa siku, ni lita 16. Weka siku mbili za kukwama na kungoja kivulini, lita 6 kwa siku, ni lita 12. Jumla lita 28, na lita moja ya maji ni kilo moja. Petroli ya akiba ni kilo 6 nyingine. Bado hujaweka chakula, blanketi, pampu, mipira ya ndani, viraka, cheni, plagi, waya wa klachi na spana. Kumbe uzito wa kukulinda ndio unaokuzamisha mchangani, na kuzama kunakula petroli, na petroli zaidi ni uzito zaidi. Hesabu hii haina jibu la mtu mmoja. Kila aliyeifanya kwa uaminifu, tangu Citroën hadi leo, alifika mahali pale pale: lazima pawe na kitu kinachokusubiri mbele, na kwa hiyo lazima pawe na mtu aliyekiweka.

Mwingereza Ralph Bagnold, aliyetembea katika jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, alitufundisha mengi kuhusu chombo chenyewe. Alipunguza upepo wa matairi ili yatandawae juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia. Alibeba vipande virefu vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu yaliyozama. Alitengeneza dira ya kutumia kivuli cha jua, kwa kuwa dira ya sumaku hudanganywa na chuma cha gari. Mwaka 1941 alichapisha kitabu cha kisayansi kuhusu mwendo wa mchanga na vilima vyake ambacho wataalamu wanakitumia mpaka leo. Mambo hayo mengine yanamfaa mpanda pikipiki moja kwa moja, hasa lile la matairi. Lakini Bagnold hakwenda na gari moja. Alikwenda na kadhaa, ili moja likifa watu wapande jingine.

Wallach na Blenkiron walikuwa na chombo kimoja. Walisafiri bila redio, na hata dira hawakuwa nayo. Walifuata nyayo za magari na alama za njia kutoka ngome hadi ngome. Kusini mwa Sahara injini yao iliharibika vibaya. Kilichokuwa kimebaki hakikuwezekana kwa spana na ujuzi, ijapokuwa Wallach alikuwa na vyote viwili. Iliwabidi kufika Agadez kwa msaada, na hapo Agadez wakakaa wakingojea vifaa kutoka Uingereza, ndipo injini ikafufuliwa na safari ikaendelea. Kitabu alichoandika Wallach kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 2001, baada ya yeye kufariki mwaka 1999. Nikiufikiria ule muda wa Agadez, nauona kuwa ndio moyo wa safari nzima. Wageni wawili, wanawake, bila chombo, katika mji wa Watuareg na Wahausa, walipata mahali pa kulala, chakula na maji. Mpango wao ulioandikwa London haukuwa na mstari unaosema hivyo, nao wangekufa bila mstari huo.

Tusiende mbali. Kaskazini mwa Kenya tuna jangwa la Chalbi, na kando yake kuna nchi ya mawe meusi ya volkano inayozunguka Ziwa Turkana. Machi 1888 msafara wa Count Teleki na Ludwig von Höhnel, ulioondoka Pwani na wapagazi mamia, ulifika kwenye ziwa hilo. Wapagazi wengi walikuwa watu wa mwambao, wasemaji wa Kiswahili hiki tunachokiandika. Walilikimbilia ziwa kwa furaha, wakainama kunywa, wakakuta maji yana magadi. Wengi wa wapagazi hao hawakurudi kwao. Njaa, kiu na maradhi viliwamaliza njiani. Ziwa lilipewa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf, likaitwa hivyo hadi miaka ya 1970. Wapagazi hawakupewa hata kilima.

Miaka 86 baadaye, mwanzoni mwa 1974, mwandishi Ted Simon alipita upande huo akiwa na pikipiki ya Triumph ya sentimita za ujazo 500. Aliondoka London Oktoba 1973, akavuka Libya, Misri na jangwa la Sudan kati ya Atbara na Kassala, akapanda Ethiopia, akaingia Kenya kwa mlango wa Moyale. Safari yake ya kuizunguka dunia ilichukua miaka minne. Kutoka Moyale hadi Isiolo ni karibu kilomita 500, na wakati huo ilikuwa barabara ya mawe na vumbi iliyovunja magari kama vijiti. Lami ilikamilika katika miaka ya 2010. Siku hizi kijana anaweza kupanda pikipiki Isiolo asubuhi akaamini kwamba jangwa limekwisha. Akiacha lami pale Marsabit akaelekea magharibi, kwenda North Horr au Loiyangalani, atakuta halikwenda popote.

Wenyeji wa nchi hiyo, Wagabra, Waborana na Warendille, wamekuwa wakipanga safari za jangwani kabla ya injini kubuniwa. Mpango wao umejengwa juu ya visima. Msomaji asidhani kisima cha jangwani ni shimo la kila apitaye. Miongoni mwa Waborana kila kisima kina ukoo uliotokana na mtu aliyekichimba, na kuna msimamizi, abba herega, anayepanga zamu: mifugo ya nani inywe leo, ya nani kesho, na nani waingie shimoni kupandisha maji. Visima virefu huhitaji watu wengi waliosimama mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kwa wimbo. Msafiri mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Lakini anayetaka kujaza madumu yake sita bila salamu na bila kuuliza, anavuruga zamu ya watu walioingojea kwa siku mbili na mifugo yao. Ramani inaonyesha nukta ya buluu. Haionyeshi zamu.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu, aliniletea mpango wa safari. Yeye na wenzake wawili walitaka kwenda kwa pikipiki kutoka Marsabit, kukata Chalbi hadi North Horr, kisha kushuka Loiyangalani. Ulikuwa mpango mzuri, kurasa nne, umepigwa chapa. Ulikuwa na hesabu za petroli, orodha ya vipuri, dawa, hata idadi ya viraka.

Niliusoma, nikamwuliza, "Mwanangu, nani atajua kwamba hamkufika?"

Akasema, "Mwalimu, tuna simu. Na tuna kifaa cha setilaiti cha kutuonyesha tulipo."

"Hicho kitawaambia ninyi mlipo. Nauliza nani mwingine anajua. Na akijua, atakuja na gari la nani?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema, "Hapo umenishika, Mwalimu."

Alirudi baada ya wiki tatu na ukurasa wa tano. Safari hii alikuwa amewapigia watu. Alikuwa na jina la mwenye duka North Horr, ambaye mmoja wa walimu wenzake alisoma na mdogo wake. Walikuwa wamemtumia fedha za petroli, akawawekea madumu mawili. Walikuwa wamekubaliana siku na saa ya kufika, na kwamba wakipita saa hiyo hadi asubuhi ya pili, yeye atatuma gari lililokwisha kuzungumzwa bei. Kijana wa Kigabra angefuatana nao kwenye pikipiki ya tatu. Akaongeza kwamba mwenye duka, aliposikia mwezi waliouchagua, aliwaambia wasogeze safari, kwa sababu mvua ikinyesha milimani Chalbi hugeuka tope linalomeza gurudumu lote. Hesabu za kurasa nne hazikuwa zimegusa jambo hilo.

Walikwenda. Siku ya pili pikipiki moja ilikatika spoku kadhaa za gurudumu la nyuma, wakalala nje, wakafika asubuhi iliyofuata. Walikutana na gari la mwenye duka likiwa limekwisha kutoka nje ya mji, dereva akiwa na maji na chai ya maziwa kwenye chupa. Hakuna aliyekufa wala kukaribia kufa, na kwa hiyo hakuna gazeti lililoandika habari hiyo. Ninapenda habari ambazo magazeti hayaziandiki kwa sababu hiyo.

Yapo mashindano ambayo yameifanya pikipiki jangwani kuwa tamasha la dunia. Mfaransa Thierry Sabine alipotea kwa pikipiki katika jangwa la upande wa Libya mwaka 1977, wakati wa mashindano ya Abidjan hadi Nice, akaokolewa, naye kutokana na kupotea huko akaanzisha mashindano ya Paris hadi Dakar. Ya kwanza yalianza tarehe 26 Desemba 1978. Vyombo 182 viliondoka, 74 vikafika, na mshindi akawa Cyril Neveu wa pikipiki ya Yamaha. Katika mashindano hayo ya kwanza mpanda pikipiki mmoja alipoteza maisha, na wengi wamefuata, pamoja na wanavijiji waliogongwa wakiwa kando ya njia yao wenyewe. Sabine mwenyewe alikufa Mali katika ajali ya helikopta Januari 1986. Kwa sababu ya hatari za usalama nchini Mauritania mashindano ya 2008 yalifutwa, yakahamia Amerika ya Kusini mwaka uliofuata, na tangu 2020 yanafanyika Saudi Arabia. Jina la Dakar limebaki, ingawa Dakar haimo tena njiani.

Sisemi kwamba mashindano hayana faida. Yamefundisha watengenezaji mengi kuhusu matangi, matairi na vichungio vya hewa. Lakini yamewapa vijana picha ya jangwa kama uwanja mtupu wa kupimia mwendo. Nyuma ya kila mshindani kuna malori ya vipuri, madaktari na helikopta, na hayo kamera huyapita haraka. Kijana anayenunua pikipiki baada ya kutazama picha hizo huwa amemwona mpanda, hajaiona helikopta.

Vifaa vya leo ni neema, na ningekuwa na umri wa kusafiri ningevibeba. Kifaa cha kutuma ishara kwa setilaiti kinaweza kutoa habari kutoka mahali ambapo Lancaster alikaa siku nane bila kusikika. Lakini ishara ikifika, bado ni mtu atakayeamka usiku, atafute dereva, ajaze tangi, achukue maji, aende. Mtu huyo akiwa hana jina katika mpango wako, utakuwa unamwomba mgeni akufanyie bure jambo ambalo hukuwa na adabu ya kumweleza mapema.

Kwa hiyo anayetaka kupanga safari ya namna hii nampa ushauri mmoja wa kimwalimu. Usianze na pikipiki. Chukua karatasi, chora mistari minne. Mstari wa kwanza uandike jina la mahali. Wa pili, jina la mtu aliye pale. Wa tatu, siku na saa uliyomwambia utafika. Wa nne, atakalofanya usipofika. Jaza mistari hiyo kwa kila kituo, kwa kupiga simu, kwa kuuliza, kwa kutuma salamu kupitia jamaa na marafiki, kama wazee wetu walivyotuma salamu kwa wachuuzi. Palipo na nafasi tupu katika mstari wa pili, usipite bado. Ukimaliza, geuza karatasi, na upande wa pili fanya hesabu ya maji na petroli. Utaona kwamba imekuwa ndogo kuliko ulivyodhani.